Pleti Safi kutoka Choma

Kosa langu lilikuwa kuifurahia pleti iliyobaki tupu. Nalitaja mapema ili msisome hadi katikati mkidhani mnaandikiwa na bingwa. Pleti, kwa ambao hamjaingia bado maabara, ni kisahani chenye mfuniko. Ndani yake tunamimina aga, kitu kama uji unaoganda ukawa jeli, kisha tunapaka juu yake maziwa au damu ya ng'ombe na kuiacha kwenye joto tuone kama kuna bakteria wataota. Wakiota, umepata jibu. Wasipoota, anayeanza kazi hudhani hilo nalo ni jibu. Mimi nilidhani hivyo, nikalisema kwa simu, na kule Choma, wilaya ya Igunga, kuna mama aliyeniamini.

Wadogo zangu, mmeniomba niwaandikie niliyoyaona kazini kwa kuwa sasa nimetoka. Neno kustaafu linanitia aibu, maana sijafika hata arobaini. Bi Mwanahawa, aliyekuwa fundi sanifu mkuu pale maabara na ndiye aliyenivumilia kuliko mtu yeyote, alipopata habari kwamba mnaniita mstaafu alicheka mpaka akashika magoti yake yanayomuuma. "Mstaafu gani hana hata mvi? Unastaafu ndevu hazijajaa?" Basi niiteni mnavyotaka. Nilichoka ule uchovu ambao ukilala nao unaamka nao. Siku hizi nauza chakula cha kuku na dawa za minyoo kwenye kibanda karibu na soko hapa Tabora. Mtu akija kununua mfuko wa pumba anauangalia, anauinua, anaupakia kwenye baiskeli, anaondoka. Hakuna anayeniuliza kama nina uhakika.

Ninyi mmesoma chuoni. Mimi niliingia kuosha vyombo: chupa, mirija, na zile pleti za kioo za zamani ambazo hakuna aliyekuwa na moyo wa kuzitupa. Kuotesha bakteria nilijifunza mwenyewe, kwa mwongozo uliochanika jalada na kwa kuchungulia wenzangu. Nilipopewa meza yangu nilikaa nayo kwa hofu ya mtu aliyejifundisha, kwamba kuna jambo moja ambalo kila mtu analijua isipokuwa mimi, na siku moja nitaulizwa mbele za watu. Hofu hiyo nikawa naitibu kwa usafi. Nilifuta meza kwa spiriti asubuhi, nikaifuta tena kabla ya chai, nikaifuta baada ya chai ingawa chai tulinywea nje. Kiangazi kilipofika ngozi ya vidole vyangu ilichanika kwa kunawa.

Siku moja Bi Mwanahawa alinikuta na lupu. Lupu ni kiwaya chembamba chenye kitanzi mwishoni, ndicho tunachochotea sampuli na kuipaka kwenye aga. Kabla ya kuchota unakichoma motoni ili kisikuletee bakteria wa jana. Mimi nilikuwa nakichoma hadi kinakuwa chekundu, nakichoma tena kwa usalama, halafu nakitumbukiza kwenye maziwa hapo hapo. Kikawa kinalia, chsss.

"Hamisi," akasema, "unapima maziwa au unakaanga?"

"Nahakikisha, mama."

"Unahakikisha wamekufa. Sisi hapa tunatafuta walio hai. Subiri kipoe. Piga dua, hesabu vigae, fanya utakalo, lakini kiache kipoe."

Kabla ya siku hiyo pleti zangu zilikuwa safi kuliko za wote, na nilikuwa nimeshaanza kuona ni kipaji. Mngedhani somo hilo lingenitosha. Halikunitosha.

Msidhani Bi Mwanahawa alikuwa mtu wa kutoa nasaha. Alikuwa mtu wa kulalamika. Alilalamika magoti, alilalamika umeme, alilalamika feni ambayo mtu fulani aliiwasha pleti zikiwa wazi, vumbi lote la Tabora likaingia, na kesho yake tukawa na ukungu wa kila rangi. Ukoo wao ni wa mjini hapa tangu enzi za misafara. Baba yake alikuwa fundi cherehani. Alipenda kusema kwamba babu wa babu yake alikuja kutoka pwani akiwa amebeba mzigo wa mtu mwingine kichwani, akafika hapa, akautua, akagoma kuuinua tena. "Ukoo wetu umeanzishwa na mtu aliyechoka," alisema, "kwa hiyo msinishangae nikikaa." Na kweli alikuwa anakaa. Kumbe huku amekaa anaona kila kitu.

Aliona, kwa mfano, jinsi nilivyoandika majina ya sampuli kwenye mifuniko ya pleti, kwa rula, herufi zimenyooka kama kitabu. Akasubiri siku nilipojikwaa na trei mlangoni na mifuniko yote ikatoka. Nilipiga magoti sakafuni, mkononi nina mifuniko yenye majina, mbele yangu pleti zisizo na wenyewe. "Haya, ziite," akasema, "labda zitaitika." Tangu siku hiyo naandika kwenye kitako, upande ule wenye aga, na nanyi andikeni hapo hapo hata kama mwandiko ni mbaya.

Tulikuwa na kondoo dume wa kutoa damu, maana aga nyingine huchanganywa na damu ndipo bakteria waipende. Tulimwita Mkurugenzi, kwa sababu hakuna aliyeruhusiwa kumgusa bila ruhusa na yeye mwenyewe hakuwahi kuonekana akifanya kazi. Siku ya kumtoa damu alikuwa anatuburuza uani kote. Siku hizi mnaletewa aga tayari, imefungwa kwenye plastiki, kila pleti sawa na mwenzake. Nawaonea wivu kidogo. Lakini Mkurugenzi namkumbuka.

Na mshumaa. Kuna bakteria anaitwa brusela. Ndiye anayemfanya ng'ombe atupe mimba, na akimwingia mtu kupitia maziwa anampa homa inayokuja na kuondoka, maumivu ya viungo, jasho, na mara nyingi zahanati inamtibu malaria mpaka inachoka. Mama mjamzito akiupata ugonjwa huu ni hatari zaidi. Huyu brusela hapendi hewa ya kawaida, anataka nzito kidogo. Wenye uwezo wana mitungi ya gesi. Sisi tulikuwa na mtungi wa kioo na mshumaa. Unapanga pleti, unawasha mshumaa ndani, unapaka mafuta ya mgando ukingoni, unafunika. Mshumaa unawaka, unafifia, unazimika wenyewe, na hapo hewa imekuwa ile anayoitaka. Kisha unaupeleka mtungi kwenye inkubeta, lile kabati la joto, na kusubiri siku nyingi, maana brusela haharakishwi. Kumthibitisha ilikuwa kazi ya maabara kubwa, sisi tulikuwa tunamtafuta tu. Mkimtafuta, mtafuteni ndani ya kabati la usalama, lile linalovuta hewa mbali nanyi, na barakoa, na glavu, na msinuse pleti kamwe. Najua kuna wanaonusa. Nami niliwahi kunusa, kisha nikakaa wiki nzima najipima joto.

Sasa nije Choma, maana nimezunguka vya kutosha na nazunguka kwa sababu sipendi kufika.

Bwana mifugo wa kata ile, Masanja, alitupigia simu kwamba kuna boma ambako ng'ombe wawili wametupa mimba, mmoja baada ya mwingine. Kawaida tungepima damu kwa kile kimiminika cha rangi ya waridi, tone kwa tone, jibu unalipata umesimama. Kimiminika kilikuwa kimetuishia na kingine hakijaletwa. Ilibaki njia ndefu, kuotesha maziwa. Bi Mwanahawa alikuwa Usinge kwenye msiba wa shemeji yake. Nikaenda mimi.

Nilifika nimechelewa. Basi liliharibika njiani, na pikipiki ya Masanja ikapata pancha. Tulipoingia bomani ng'ombe walikuwa wameshakwenda malishoni. Mwenyeji wetu, Mama Kulwa, alikuwa mjane mwenye sauti nene, na mwili wake haukuwa unatulia, anaongea huku anafagia, anaongea huku anapepeta.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Ndiyo wewe mtaalamu? Masanja, huyu mbona mtoto?"

"Mdogo hivi hivi, mama, lakini kichwa kimejaa," Masanja akasema.

"Kimejaa nini?" Mama Kulwa akauliza, na wote wakacheka, na mimi nikacheka kwa kuchelewa.

Alikuwa na mabinti mapacha. Kulwa yuko kwa mume. Doto alikuwa amerudi nyumbani kujifungua mtoto wake wa kwanza, kama ilivyo desturi, mimba ya kwanza mtu anailea kwa mama yake. Alikuwa amekaa mlangoni akichambua mchicha, tumbo limeshaonekana vizuri, anatucheka chini chini. Mama Kulwa akamwonyesha kwa kidole.

"Masanja kaniambia nimzuie huyu maziwa mpaka wewe useme. Nimemzuia. Mtoto wa wafugaji, mjamzito, anakunywa maji kama kuku! Sasa baba, namnyima mpaka lini?"

"Mpaka tuoteshe, mama. Tukiona hakuna kitu, atakunywa."

"Basi fanya haraka. Ng'ombe ninao, maziwa ninayo, na mwanangu ananikondea."

Akanipa chai ya maziwa, nzuri, yenye utando mnene juu. Yeye na Doto hawakunywa chai. Sikujiuliza kwa nini.

Kwa kuwa ng'ombe hawakuwepo na basi la kurudi halingoji, nikafanya jambo ambalo mwongozo wangu haukulikataza kwa sababu aliyeuandika hakulifikiria. Nilimwachia Mama Kulwa chupa zangu. Zilikuwa zimepikwa kwa mvuke, zimefungwa kwa karatasi. Nikampa maelekezo. Na hapa nataka mnielewe, nilitoa maelekezo yale kwa moyo wangu wote. Anawe mikono kwa sabuni. Aoshe chuchu, azikaushe. Maziwa ya mwanzo amwage chini. Asiguse mdomo wa chupa. Nikarudia, nikarudia tena. "Usafi, mama. Usafi ndio kila kitu. Yasiwe na uchafu hata chembe, maana uchafu kidogo tu utaniharibia kazi yote."

"Baba," akasema, kidogo amenuna, "unaniona mimi mchafu?"

"Hapana, mama. Ni maziwa ya maabara."

"Nimekuelewa. Ya maabara. Nitakufanyia mpaka ushangae."

Kesho yake Masanja akalituma boksi la barafu kwa basi. Chupa zilikuwa zimejaa vizuri, kavu, zimefungwa barabara. Shingoni mwa chupa moja niliona kipande cha utando kimegandamana na kioo. Nikajiambia ni malai, ile krimu ya maziwa mabichi. Nakiona kile kipande mpaka leo.

Nilipaka pleti nyingi kuliko inavyotakiwa. Aga ya brusela, na aga ya kawaida yenye damu ya Mkurugenzi. Lupu niliacha ipoe. Pembeni niliweka pleti ya kulinganishia yenye bakteria ninaowajua, ili nihakikishe aga yenyewe ni nzuri, na nyingine isiyopakwa kitu, ili nihakikishe haina uchafu. Mshumaa ukawaka, ukazimika. Umeme ulipokatika nilizungushia mtungi blanketi langu la nyumbani. Nilisubiri siku zote zinazotakiwa, nikaongeza na nyingine.

Pleti ya kulinganishia iliota kama shamba. Pleti zote za Choma zilikaa kimya. Hakukuwa na kidoa. Si brusela, si kingine chochote. Aga nyekundu, laini, inang'aa kama kucha iliyopakwa rangi. Niliziinua kwenye mwanga moja moja na niliona raha ambayo siwezi kuieleza. Kwa mara ya kwanza tangu niingie kazini sikuona mahali popote nilipokosea.

Nikampigia Masanja. Alikuwa barabarani, upepo unavuma kwenye simu.

"Hakuna kilichoota," nikamwambia.

"Kwa hiyo wanywe?"

Mwongozo wangu uliochanika jalada ulikuwa na sentensi ambayo nilikuwa naijua kwa moyo. Ilisema kutoota kwa bakteria si uthibitisho kwamba mnyama hana ugonjwa. Nilikuwa naijua vizuri kabisa. Lakini pleti zile zilikuwa nzuri mno.

"Pleti ni safi," nikasema.

Niliona tofauti kati ya swali lake na jibu langu. Nilijua pia kwamba yeye hajaiona. "Shukrani sana mkuu, mama atafurahi," akasema, na simu ikakatika.

Bi Mwanahawa alirudi kutoka msibani na nikamwonyesha pleti. Nilikuwa sijazichoma. Nilizitunza, kusema ukweli, ili azione. Akavaa miwani, akazigeuza, akaziweka chini.

"Hizi umepaka maziwa?"

"Ndiyo."

"Ya zizini?"

"Ndiyo, mama. Choma."

"Hawa ng'ombe wanakamuliwa mbinguni?" Hakuwa anacheka. "Brusela usimwone, sawa, yule ana maringo. Lakini hata hawa wa kawaida? Wa mikono ya mkamuaji, wa chuchu, wa mkia uliopigapiga ndoo? Hata mmoja? Nimekaa kazi hii mpaka magoti yameoza, sijaona maziwa mabichi yaliyokaa kimya hivi."

"Nilisisitiza usafi."

"Nani alikamua?"

"Mwenyeji."

"Ulikuwepo?"

Nikaanza kuzipanga pleti upya. Akavua miwani, akakaa kwenye stuli yake.

"Umeshawajibu?"

"Nimewaambia pleti ni safi."

"Nenda Choma, Hamisi. Nenda sasa hivi, usiende kubadili shati."

Safari hii nilifika kabla ng'ombe hawajarudi. Mama Kulwa alinipokea kama mtoto wake. Doto alikuwa ameegemea ukuta juani, amevaa sweta na kujizungushia kanga, na ilikuwa joto la kiangazi cha Igunga ambalo hata mbwa wamelala. Nikamsalimia. Akaitikia kwa shida.

"Ana homa kidogo," mama yake akasema. "Na viungo vinamuuma. Inakuja inaondoka. Ni mimba tu."

"Tangu lini?"

"Siku hizi hizi."

Ng'ombe wakaingia na vumbi lao. Nikavaa glavu, nikachuchumaa pembeni ya yule wa kwanza aliyetupa mimba, na Mama Kulwa akaja na sufuria.

"Nikuwashie moto kabisa, baba? Nichemshe kama yale ya kwanza?"

Nilisikia kila neno. Nikauliza hata hivyo.

"Yapi, mama?"

"Yale ya chupa. Si uliniambia yasiwe na uchafu hata chembe? Niliyachemsha mpaka yakapanda, nikayapoza, nikayatia. Mimi nimpelekee mtu wa serikali maziwa ya zizini? Mgeni hapewi mabichi hapa. Hata chai yako ile niliichemsha sana."

Masanja alianza kucheka, kisha akaniangalia, akaacha.

"Na Doto?" nikauliza. "Ya Doto unachemsha?"

"Doto ni wa nyumbani. Sisi tunakunywa yalivyotoka. Tangu uliposema hayana kitu anakunywa asubuhi na jioni." Akasimama na sufuria yake. Alikuwa mwepesi wa kuelewa, mwepesi kuliko mimi. "Kwani vipi, baba?"

Maziwa pekee yaliyochemshwa katika boma lile yalikuwa yale yaliyokuja kwangu.

Nilimweleza nikiwa bado nimechuchumaa. Ng'ombe ananipiga mkia usoni, na mimi naeleza. Masanja alimpakia Doto jioni ile ile hadi kituo cha afya, mama yake nyuma kwenye pikipiki nyingine. Nilikuwa nimewaandikia wa kituoni kwenye karatasi, kwa herufi kubwa, kwamba wamfikirie brusela, wasimtibu malaria peke yake. Mimi nikabaki nakamua. Safari hii mabichi, ya joto, na kiunyoya kimoja kikaingia kwenye chupa. Sikukitoa.

Kwenye aga ya kawaida pleti zilijaa kila aina ya takataka ndani ya siku moja, mpaka nikafurahi kuziona. Kwenye aga ya brusela palikaa kimya, palikaa kimya, halafu asubuhi moja palikuwa na vidoa vidogo mno, mviringo, vinavyopitisha mwanga, rangi ya asali iliyozimuliwa. Ukiviangalia kutoka juu huvioni. Lazima uinamishe pleti. Maabara kubwa ikathibitisha baadaye.

Jibu lilipofika Choma, Doto alikuwa ameshapoteza mimba.

Daktari wa kituo, mtu mpole, aliniambia nisijibebeshe yote. Doto amekulia kwenye maziwa yale, akasema, huenda ugonjwa alikuwa nao kabla hajazuiwa, huenda mimba ingeharibika vyovyote. Inawezekana. Nimeigeuza hiyo "inawezekana" mara nyingi, kama pleti, nikitafuta upande ambao mwanga utapita. Sijaupata, na nimeacha kutafuta.

Nilirudi kuomba radhi. Mama Kulwa alikuwa anaanika mtama, na kwa mara ya kwanza nilimwona anafanya jambo moja tu kwa wakati. Doto alikuwa ndani, yuko kwenye dawa, hakutoka. Nikasema niliyopanga kusema. Mama Kulwa alinisikiliza hadi mwisho.

"Sikulaumu, baba," akasema. "Wala mimi sijilaumu. Nilifanya ulivyosema. Ulisema masafi." Akainama akageuza mtama. "Hukusema mabichi."

Hakuna mtihani wowote niliowahi kuogopa ambao ungeuliza hilo. Miaka yote nilikuwa naogopa lile jambo ambalo kila mtu analijua isipokuwa mimi. Kumbe ilikuwa kinyume. Mimi ndiye niliyekuwa nalijua, kwamba tunatafuta walio hai, na sikuona haja ya kulitamka kwa mtu asiyelijua.

Nilikaa kazini miaka mingine baada ya hapo, na sitawadanganya kwamba ilikuwa miaka mizuri. Pleti ikiota, nilishuku mikono yangu. Isipoota, nilishuku dunia nzima. Nilirudia sampuli ambazo hazikuhitaji kurudiwa, nikawapigia wafugaji simu hadi wakaacha kupokea. Bi Mwanahawa alipostaafu, yeye kustaafu kwa kweli, kwa keki na mabusati, aliniambia, "Hamisi, umekuwa mwangalifu mpaka huwezi kuona." Nilimwelewa. Kubadilika ndiko kulikonishinda. Ndipo nikaacha.

Kwa hiyo sina la kuwafundisha kuhusu moyo. Ya mikono ninayo. Lupu ipoe. Jina liandikwe kitakoni. Pleti ya kulinganishia haikwambii kitu kuhusu kilichotokea kabla chupa haijafungwa, inakwambia tu kwamba aga yako ni nzuri. Maziwa ya zizini yakikaa kimya kabisa, msitabasamu, ulizeni nani alikamua, kwenye chombo gani, na yalipita wapi. Mkiulizwa "wanywe?", jibuni swali hilo, ndiyo, hapana, au sijui. Mimi nilijibu jingine.

Mambo yamebadilika tangu wakati ule. Mnazo mashine zinazotambua brusela bila kumsubiri aote, na kimiminika cha waridi hakikosekani kama zamani. Pale maabara hakuna tena anayeacha chupa kwa mwenyeji na kuondoka, na kabla ya kukamua mtu anaambiwa kwa Kiswahili au Kisukuma kwamba tunayataka yalivyotoka, na uchafu wake. Doto alipona, ingawa magoti humuuma baridi ikija, kama Bi Mwanahawa. Na kwa Mama Kulwa, Masanja ananiambia, siku hizi maziwa ya nyumbani yanachemshwa, na ya maabara yanatolewa mabichi.